Njaa ya saa 6 usiku inanimaliza

Mzee wa Mwanga: Wakuu, nimepunguza msosi wiki ya 3 sasa, ugali wa muhogo nakula nusu ya ule wa zamani, mchana niko poa kabisa ila ikifika saa 6 usiku tumbo linanguruma hadi wife anaamka, jana nimejikuta jikoni nakwangua sufuria ya maharage. Mnafanyaje?

Binti Ujiji: Pole kaka 😂 ugali umepunguza, mboga je? Muhogo protini yake kiduchu sana, we ongeza dagaa au mgebuka na matembele ya kutosha, hivyo vinakaa tumboni. Ila mawese usimwage kama unapaka ukuta, kijiko kikubwa kimoja tu kalori 120 hivi

kgm_mtulivu: unakula saa ngapi kwani? mi nilikuwa nakula saa 12 jioni nalala saa 6, sa njaa itaachaje kuja, nikasogeza saa 2 ikaisha

Mama K: Na simu weka pembeni ulale, usingizi ukiwa mdogo njaa inazidi. Kama unatumia dawa za kisukari lakini usijikaze, sukari inaweza kuwa inashuka, muone daktari.

Mzee wa Mwanga: Sina kisukari mama. Ila saa 12 kweli ndo nakula 🙈 leo nasogeza, dagaa wapo