Bati la kukinga joto linagonga chini ya gari: ling'olewe au likazwe?

Mama wa Himbi (Goma)
Ndugu zangu, naomba ushauri. Gari langu ni RAV4 ya zamani, na kwa kuwa kila siku napita kwenye barabara ya mawe ya Nyiragongo, sasa kunasikika mlio wa bati linalotetema chini ya sakafu. Mlio huo huwa mkali gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, hupotea nikikanyaga mafuta, kisha hurudi ninapopunguza mwendo. Fundi aliyelitazama anasema ni bati linalofunika bomba la moshi, na anataka aling'oe tu ili kelele iishe. Sijakubali, kwa sababu naamini halikuwekwa pale bure. Je, laweza kukazwa bila kununua bomba jipya?

Fundi wa Birere
Mama, usikubali ling'olewe. Bati hilo ndilo linalozuia joto lisifike kwenye sakafu, nyaya na mabomba ya mafuta na ya breki. Karibu na katalaiza, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba, joto hupita nyuzi 400 za selsiasi hata katika safari ya kawaida. Mara nyingi bati lenyewe huwa bado zima, ila kutu imekula tundu la bolti mpaka likawa pana kuliko kichwa cha bolti. Acha gari lipoe kabisa, liegemezwe kwenye stendi imara wala si jeki peke yake, kisha ligongwe bati kwa ngumi, sehemu baada ya sehemu, hadi usikie mlio uleule. Tundu likiwa limepanuka kidogo, washa pana ya chuma, yaani kile kisahani chenye tundu kinachowekwa chini ya kichwa cha bolti, inatosha. Bolti iliyoganda isilazimishwe, kwa maana itakatikia ndani. Ipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu na iachwe usiku kucha.

Dereva wa Katuba (Lubumbashi)
Naunga mkono. Huku kwetu wengi huling'oa, lakini wakati wa kiangazi, ukiegesha juu ya majani makavu, bomba lililo wazi laweza kuyawasha.

Mama wa Himbi (Goma)
Aksanti sana, Papa Fundi. Tumeangalia: bati limezunguka bomba, matundu ya mbele yameliwa kabisa, ya nyuma bado yameshika. Je, tufunge kwa waya?

Fundi wa Birere
Waya mwembamba hulegea na kukatika upesi kwa mitikisiko ya barabara zetu. Tafuta klampu ndefu ya chuma kisichoshika kutu, ya aina ile inayofunga mpira wa rejeta na kukazwa kwa bisibisi. Ikiwa fupi, unganisha mbili. Izungushwe juu ya bati na bomba kwa pamoja, mbali na sensa ya oksijeni (kile kipimo kidogo kilichochomekwa kwenye bomba la moshi) na waya wake, kisha ikazwe mpaka bati liache kucheza, lakini lisibonyezwe likalala juu ya bomba, kwa sababu nafasi ya hewa iliyo kati yake ni sehemu ya kinga. (Kwa wengine wanaosoma: bati lililofungwa kwenye sakafu ya gari lisifungwe hivi, maana bomba hucheza kwenye mipira yake na litalivuta.) Mkiwa bado chini, tazameni pia viungo vya bomba. Mkiona masizi meusi, moshi unavuja, na hilo litengenezwe kwanza kabla ya bati, kwa kuwa moshi huo unaweza kuingia ndani mnamokaa.