Pambano la ngumi ugenini: tufike saa ngapi, tushangilie vipi?

Kutoka: Leeds

Shikamooni wakubwa. Kuna bondia wa nyumbani anakuja kupigana huku Uingereza, yuko kwenye mapambano ya utangulizi. Tuko sita, tunataka kwenda. Mimi nimezoea ngumi za Dar, ukumbi wa PTA Sabasaba: muziki unapigwa mpaka unasahau umefuata nini, pambano kuu linaanza watoto wameshalala mapajani, na mtu wetu akishinda nusu ya ukumbi inapanda ulingoni kumbeba. Utaratibu wa huku siujui. Tufike saa ngapi? Ngoma na bendera zinaruhusiwa? Nikija na mwanangu wa miaka tisa nitajuta? Na mlio nchi nyingine tuambieni kwenu kukoje, maana mwenzangu aliyeishi Marekani anasema kule ukiwahi unakaa peke yako.

Kutoka: Birmingham

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujanunua tiketi mtandaoni, tafuta watu wa bondia mwenyewe uwaulize kama wana tiketi. Kumbi ndogo za Uingereza, kama York Hall ya Bethnal Green, London, inayoingiza watu kama 1,200, zinaishi kwa tiketi anazouza bondia. Anapewa bunda lake, anawauzia mashemeji, majirani na wenzake wa kazini, na fedha hiyo ndiyo inayomlipa yeye, mara nyingi na mpinzani wake pia. Asiyeuza hapangiwi pambano. Ukikaa pale unauona ukumbi umegawanyika kwa koo: kundi hili limekuja kwa kijana wao, shangazi analia, mjomba anamfundisha kutoka jukwaani, na kijana akishateremka ulingoni wote wanaondoka kwenda baa. Anayefuata anapigana mbele ya viti vitupu mpaka ukoo wake uingie. Sasa fikiria bondia aliyetoka kwetu. Anaingia kwa kona ya ugenini, hana shangazi.

Hili linaniuma kwa sababu yangu mwenyewe. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipigana hapa Birmingham na Sam Eggington, mtoto wa Stourbridge, hapo jirani tu. Lilikuwa pambano la utangulizi, usiku ule ulikuwa wa Amir Khan, bondia wa Uingereza aliyekuwa kwenye pambano kuu. Nilikuwa na tiketi. Nikajiambia nimalize kazi, nioge, nile, Khan mwenyewe hapandi mapema. Nilipofika mlangoni Mwakinyo alikuwa ameshammaliza Eggington raundi ya 2 kwa TKO, yaani refa alisimamisha pambano. Mtanzania ameshinda katika mji ninaoishi, na mimi niko kwenye foleni ya kukaguliwa. Septemba 2022 alipokuja Liverpool kupigana na Liam Smith niliwahi milango ikifunguliwa. Smith ni wa Liverpool, ukumbi ulikuwa wake. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na Mwakinyo akapoteza pambano katika raundi ya 4. Nilirudi nimehuzunika, lakini safari ile nilikuwepo.

Kwa hiyo fikeni milango inapofunguliwa, mara nyingi saa kumi au kumi na moja jioni. Wakati wa mapambano ya awali ukumbi bado mtupu, sauti za watu sita zinafika mpaka kwenye kona. Ikifika saa nne usiku, wakati wa pambano kuu, hata sitini hawasikiki. Bendera chukueni, ila mti wake uacheni nyumbani, na begi kubwa mtazuiwa nalo. Ngoma muulize ukumbi kwanza, msije mkaiacha mlangoni. Angalia treni ya mwisho kabla hujatoka Leeds, si baada. Mtoto unaweza kuja naye kama ukumbi unaruhusu umri wake, lakini kaeni viti vya pembeni juu. Pombe ni nyingi mno kwenye ngumi za huku, na kadiri usiku unavyosonga watu hupigana hata jukwaani. Mimi ningeondoka na mtoto kabla ya pambano kuu.

Kitu kimoja nakipenda kwa Waingereza, nao ni kuimba. Kabla ya pambano kuu utasikia “Sweet Caroline” inapigwa, na ukumbi mzima unasimama. Mashabiki wa Ricky Hatton, bondia Mwingereza, walibeba nyimbo zao mpaka Las Vegas Desemba 2007 alipopigana na Mmarekani Floyd Mayweather. Walikwenda maelfu kwa maelfu, wengi hawana tiketi, wakaimba mji mzima kwamba Hatton ni mmoja tu. Hatton alipigwa raundi ya 10, na bado waliimba. Ila usiku huohuo waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani. Hilo msiige popote, hata mkichokozwa.

Na rafiki yako hakusema uongo kuhusu Marekani. Las Vegas viti vya mbele vingi huchukuliwa na kasino kwa ajili ya wacheza kamari wao wakubwa, nao hawatoki mezani mpaka pambano kuu likaribie. Wa utangulizi anapigana mbele ya viti vitupu.

Kutoka: Riyadh

Salaam. Huku anayelipia karibu kila kitu ni serikali, kwa hiyo mbwembwe ni za hali ya juu: taa, moto, wasanii wakubwa, jukwaa la kuingilia kama la harusi ya kifalme. Pombe hakuna, na mwanamke kama mimi nakaa kwa amani kabisa. Lakini mapambano ya awali ukumbi huwa kimya hata unamsikia kocha anavyomwambia bondia wake ainue mikono. Watu hawajanunua tiketi kwa ajili ya kijana wao, wamekuja kuona tukio.

Mnaofikiria kuja, tazameni saa. Mei 2024 Usyk wa Ukraine na Fury wa Uingereza walipanda ulingoni imeshapita saa saba usiku, ili Waingereza waangalie jioni yao. Ilikuwa Jumamosi, na huku Jumapili ni siku ya kazi. Nililala kwa muda wa saa mbili tu nikaenda kazini. Ombeni ruhusa mapema. Baba yangu, aliyekuwa Kinshasa mwaka 1974, aliniambia nisilalamike: Ali na Foreman walipigana karibu saa kumi alfajiri kwa ajili ya televisheni za Marekani, na fedha zilikuwa za Mobutu. Tofauti ni kwamba uwanja ule ulijaa watu wa mji wenyewe, wakiimba “Ali, boma ye”, yaani Ali muue, mpaka kukakucha. Hilo silisikii hapa.

Kutoka: Yokohama

Ndugu zangu, kimya cha Japani ni kingine. Niko huku kwenye biashara ya magari, na Korakuen Hall ya Tokyo naenda kila nikipata nafasi. Ni ukumbi wa watu kama 2,000 tu, ulingo unauona vizuri popote ulipo. Hapa pia mabondia wadogo huuza tiketi, wengine ndizo malipo yao, kwa hiyo kila mmoja ana watu wake waliokaa pamoja. Wanaita jina lake kwa zamu, kisha wananyamaza waangalie. Mara ya kwanza nilidhani hawapendi. Nikaja kugundua wanapiga makofi kwa vitu ambavyo kwetu havipati hata mluzi: ngumi iliyokwepwa kwa nusu inchi, au aliyeshindwa anapoinama kuwaaga pande zote nne.

Tarehe 6 Mei 2024 nilikuwa Tokyo Dome na watu kama 43,000, ngumi za kwanza pale tangu Mike Tyson apigwe na Buster Douglas mwaka 1990. Raundi ya kwanza Luis Nery wa Meksiko akamwangusha Naoya Inoue, bingwa wa Japani, ambaye mpaka siku ile alikuwa hajawahi kuanguka kama bondia wa kulipwa. Uwanja mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Sijawahi kusikia sauti ile tena. Inoue akamaliza kazi raundi ya 6.

Korakuen mambo huisha mapema, treni bado zipo tele. Ukipiga kigelegele hakuna atakayekukataza, ila usisimame mbele ya watu, na taka zako ondoka nazo.

Kutoka: Leeds

Asanteni sana. Kaka wa Birmingham, nimefanya ulivyosema: kocha wake amejibu, tiketi wanazo, na amesema hajawahi kupigiwa simu na Mtanzania wa huku. Tumechukua kumi badala ya sita, kwa hiyo nne bado zipo, upande mmoja na kona yake. Tunatoka Leeds saa saba mchana. Mtoto anakuja, nitarudi naye mapema. Nani anachukua hizo nne?