Kaunti ya Mombasa ikatae plani ya flati isiyo na nafasi ya sola na betri?

Mwana_Tudor: Asalaam aleikum. Mimi nasema ikatae. Tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua tunalo mwaka mzima, na maghorofa yazidi kupanda Nyali na Kizingo lakini darini ni matangi na minara ya simu tu. Sola yaja kukumbukwa mwisho, kivuli cha tangi chaangukia paneli moja, zote zilizoungwa nayo zapoteza nguvu. Na mafundi wetu wa hapa nao wafunga popote penye nafasi bora walipwe.

FundiKisauni: Ati mafundi wa hapa? Ndugu yangu hapo umenichoma. Nna leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa kawi, daraja la T2 la mafundi wa sola. Nikimwambia mteja tangi lihame aniambia we funga hapo hapo, nikimwambia vyuma viwe stenlesi asema ghali, chumvi ya bahari ikishavila nalaumiwa mimi. Waulize wachora plani.

Mama_Bamburi: Usikasirike fundi, lakini aliyekuja kwangu aliweka betri za asidi chini ya ngazi, dirisha hakuna, joto la tanuri, zikafa mapema na simu yangu hashiki tena.

FundiKisauni: Huyo akurudishie pesa zako mama. Ila chini ya ngazi ndipo palipobaki! Betri ya asidi ikipita nyuzi 25, kila nyuzi 10 zikizidi umri wake wakatika karibu nusu. Betri ya lithiamu aina ya LFP yavumilia zaidi lakini nayo yataka hewa na chumba chake, si kwenye ngazi ambako ndiko watu watakimbilia moto ukizuka.

Mzee_Kizingo: Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ua katikati, upepo wapita. Nyinyi mwajenga vioo vitupu vyaangalia magharibi kisha mwatafuta betri ya kuendesha AC usiku kucha. Anzeni na ukuta.

Binti_MjiWaKale: Shikamoo mzee, lakini njoo ulale kwetu mwezi wa tatu! Ua ulishajengwa vyumba vya kukodisha zamani, upepo wapita wapi? Na huku kwa vile ni mtaa wa kuhifadhiwa, paneli ikionekana barabarani ni maswali.

Mzee_Kizingo: Marahaba mwanangu. Aliyeziba ua ndiye wa kulaumiwa, usiisingizie nyumba.

Mwana_Tudor: Jamani nimeuliza plani mpya, tuwacheni Mji wa Kale.

Mpangaji_Mtwapa: Sheria tulishakuwa nazo. Si kulikuwa na kanuni za 2012, jengo likitumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke hita ya sola? Flati ninazozijua wote tunaoga na hita za stima na tokeni zinakimbia. Halafu ile Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza, jenereta ya hapa kwetu iliwasha lifti na taa za geti tu, sisi juu friji zikayeyuka samaki wakaoza, na kodi bado ikapanda. Kwa hivyo kabla kaunti haijapitisha chochote, iandikwe kwenye hiyo plani betri inalisha mita ya nani.