Eti "Wewe kapime upepo"! Huyu bwana wa ratiba ana nini na watu?

Kibendera Cheupe (mleta mada):
Wakuu, nimefura hapa kama andazi. Jina simtaji, mnamjua wote. Yule wa kofia pana na makaratasi kwapani, anayetembea uwanjani kana kwamba nyasi kapanda yeye.

Orodha ya waamuzi imebandikwa ukutani tangu juzi: msaidizi wa mwanzishaji, mita 100 hadi 400. Leo saa moja asubuhi, mashindano yanaanza, mbele ya waamuzi wote na watoto wa kubeba vikapu vya nguo, anachomoa kadi ya nyekundu na nyeusi mkononi mwangu na kusema: "Wewe kapime upepo."

KAPIME UPEPO! Msaidizi wa mwanzishaji anapanga watu kwenye njia zao, anakagua mikono haijagusa mstari, anamtoa kwa kadi hiyo aliyechomoka chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio. Unamtoa mtu huyo hapo unampeleka kulinda kidude cha miguu mitatu kando ya shimo la mchanga, jua la kuivisha ugali? Bila maelezo, bila karatasi. "Kapime upepo." Na kuna mtoto wa vikapu alicheka, nilimsikia.

Chumvi ya Pemba:
Pole mkuu, ila na mimi nimeungana na mtoto wa vikapu 😂😂 Kwani posho ya upepo ni ndogo?

Mzee wa Mchanga:
Kijana, punguza jazba, kazi yako inaanza saa tatu. Kuruka chini: kipima upepo kikae mita 20 kutoka ubao wa kurukia, kimo mita 1.22, na kisizidi mita 2 kutoka ukingo wa njia ya kukimbilia. Pima mita 40 kutoka kwenye ubao, weka alama. Mrukaji akiipita alama, bonyeza; kinasoma sekunde 5. Anayeanzia karibu zaidi ya mita 40, bonyeza anapoanza kukimbia. Mchana kuna mchezo wa miruko mitatu, ubao wake ni mwingine, pima upya kutoka hapo: kifaa mita 20, alama mita 35. Hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapoumbuka: kifaa na alama vyote vinahama, wao wanaviacha palepale.

Kingine, uelekeo. Ukikigeuza, upepo wa mgongoni unasomeka wa usoni, na hutagundua mpaka kocha aje na bendera ya nchi yake kukuonyesha inakopepea.

Kibendera Cheupe:
Shikamoo mzee. Sijauliza kinavyofanya kazi. Nasema ALISEMAJE mbele ya watu. Angenivuta pembeni, angesema "ndugu yangu, kuna upungufu kule". Yeye "kapime upepo", huku anajipepea na kadi yangu!

Mzee wa Mchanga:
Marahaba. Na kuandika je, unajua? Kikisoma +2.03, yaani mita kwa sekunde za upepo wa mgongoni, unaandika +2.1, na rekodi imekufa hapo. Kikisoma -2.03 unaandika -2.0. Siku zote unapandisha kuelekea upande wa kujumlisha. Ukizidi +2.0 mruko haufutwi, mshindi ni mshindi. Kinachokataliwa ni rekodi.

Feni Mbovu:
Mleta mada unadharau kazi ya watu. Kuruka chini, Tokyo 1991, Carl Lewis aliruka mita 8.91, kipimo kikasema +2.9. Mike Powell akaja na 8.95 kwa +0.3, akachukua rekodi ya dunia. Sestriere 1995, Iván Pedroso aliruka 8.96, upepo ukasomeka +1.2, halafu ikaonekana kuna mtu alisimama mbele ya kipimo. Rekodi haikukubaliwa. Mgongo wa mtu mmoja! Kwa hiyo ukiona mpiga picha, mwavuli au tumbo la kiongozi mbele ya mashine, fukuza.

Hata sekunde 9.77 za Omanyala, mita 100 pale Kasarani mwaka 2021, zinaheshimiwa kwa sababu kuna mtu alisoma +1.2 sawasawa.

Chumvi ya Pemba:
Tumbo la kiongozi 😂 Kumbe ukipima upepo una mamlaka ya kumfukuza yule wa kofia!

Kiunzi cha Kumi:
Wote mnadeka. Sisi tulioletwa kama wahasibu wa posho tumetupwa kwenye mbio za kuruka viunzi. Njia 8, viunzi 10 kila njia, jumla 80. Wanawake mita 100: cha kwanza mita 13 kutoka mstari wa kuanzia, kati ya kimoja na kingine 8.50, kimo 0.838. Wakimaliza tu, wanaume mita 110: cha kwanza 13.72, kati 9.14, kimo 1.067. Mnapandisha vyote na kuvihamisha huku mtangazaji anaita majina. Na ukipandisha kimo bila kusogeza vizito vya miguuni, kiunzi kinaanguka kwa kuguswa tu, au kinagoma kuanguka na kumvunja mtu.

Mzee wa Mchanga:
Miguu ya kiunzi mmeielekeza wapi?

Kiunzi cha Kumi:
Kule anakotokea mkimbiaji, mzee. Tumefundishwa dakika kumi, hilo tulilishika. Tatizo rangi. Alama za manjano za wanawake, za bluu za wanaume, za kijani za mita 400. Njia ya 6 walikuwa wanapanga kwenye kijani!

Dada Chupa:
Viunzi havitembei, mshukuruni Mungu. Mimi mkalimani, nimeamka nimepewa kumsindikiza mwanariadha anayepimwa dawa zilizopigwa marufuku. Tangu anapopewa taarifa hatoki machoni pako: akienda kupokea medali upo, akihojiwa upo, akinyoosha misuli upo. Wanatakiwa kutoa mkojo mililita 90 angalau, na mtu wa mita 10,000 amekauka kama kuni. Maji anachagua mwenyewe, chupa iliyofungwa. Huruhusiwi kumfungulia. Mnakaa mnatazamana.

Feni Mbovu:
Akitoa 60 je?

Dada Chupa:
Inafungwa kwa muhuri, mnasubiri nyingine, zinachanganywa. Na akijaza haraka kwa kubugia maji mengi, mkojo unakuwa mwepesi mno, anarudia. Chakula cha waamuzi kinafungwa saa nane, hesabu mwenyewe.

Kibendera Cheupe:
Jamani turudi kwenye mada. Alisema "kapime up

Kiunzi cha Kumi:
Chakula leo ni nini?

Chumvi ya Pemba:
Wali maharage. Kuku wameisha, walianza kula wa itifaki.

Dada Chupa:
Nani ananiwekea sahani? Huyu wangu ndiyo kwanza ana mililita 40.