Samaki wa kula magugu ya bwawa: kila mtu ajiwekee, au kibali kwanza?

Bondeni, Tukuyu
Wakuu, habari za majukumu. Bwawa langu la hatua ishirini kwa kumi limejaa magugu hadi wavu hauburuziki. Siku ya kuvua napata nusu samaki nusu majani. Wiki iliyopita kaja jamaa na pikipiki, mifuko ya vifaranga imepangwa kwenye kreti. Anasema ni kapi wa China, anakula majani mpaka unaona tope la chini. Nikamuuliza kibali. Akacheka: "Kibali cha kulisha samaki majani?" Mimi sikununua, jirani yangu kanunua, na maji yake yakifurika yanaingia kwangu, kisha kijitoni. Msimamo wangu: samaki mgeni asimwagwe popote mpaka afisa uvuvi aje aone maji yanakoishia. Nyie mnasemaje?

Mzee wa Mafinga
Kijana, kwenu kuna joto. Huku Juni na Julai perege anakaa chini kama aliyefiwa, hali, hakui. Huyo kapi asili yake ni mto Amur na mito ya China, baridi kaizoea. Akiwa mdogo anaweza kula kwa siku majani yanayokaribia uzito wake mwenyewe. Tena bwawani hazai, maana mayai yake yanataka mto mrefu unaotiririka, yaelee hadi yaanguliwe. Sasa hicho kibali ni cha kumlinda nani? Tukisubiri ofisi, magugu hayasubiri.

Nyasa Kwetu, Kyela
Shikamoo mzee. Kibali ni cha kutulinda sisi tulio chini yenu. Maji ya Rungwe yanashuka na mito ya Kiwira na Mbaka mpaka ziwa Nyasa, na mbasa hupanda mito hiyohiyo kutaga. Hilo la "hazai" hata Marekani walilitegemea. Walimleta 1963 asafishe mabwawa, akatoroka, na 2015 mayai yake yakakutwa mto Sandusky, unaoingia ziwa Erie, wakati vitabu vilisema anahitaji mto mrefu zaidi ya pale. Hapa kwetu sato wa Nile naye aliletwa afugwe tu. Mwaka 2013 watafiti wakaandika kwamba kishaingia kwenye maji yanayomwagikia Nyasa, upande wetu wa Tanzania. Na ziwa si letu peke yetu, Malawi na Msumbiji nao wanalivua. Kama ni kula majani, yupo perege wa kwetu mwenye kifua chekundu, mpe hata majani ya magimbi.

Mzee wa Mafinga
Marahaba. Huyo kifua chekundu anazaliana mpaka bwawa zima ni samaki wa kidole, na baridi yetu haiwezi. Halafu umesimulia nusu. Haohao Wamarekani, majimbo mengi sasa yanaruhusu kapi tasa tu: mayai yanabanwa kwa presha dakika chache baada ya kurutubishwa, samaki anatoka na seti tatu za kromosomu (vibeba urithi) badala ya mbili, ndiyo maana hazai, na damu inapimwa kabla hajauzwa. Waleteni hao, nitaomba kibali wa kwanza.

Nyasa Kwetu, Kyela
Hapo mzee tumeanza kuelewana. Ila yule wa pikipiki damu kapimia wapi?

Fundi Mabwawa, Njombe
Mnabishania samaki wakati kosa ni jembe. Magugu yanaota jua linapofika chini. Wengi mnachimba kingo za kina cha goti, halafu mnamwaga samadi. Simamisha kingo, fikisha kina cha mita moja au zaidi, utaona. Na kapi hafuti uchafu: anaanza na majani laini, magumu anayaacha, na sehemu kubwa ya alichokula inarudi majini kama kinyesi. Nimeona bwawa magugu yameisha, maji yamekuwa kijani kama mlenda. Mwenye bwawa akanipigia simu mimi.

Bondeni, Tukuyu
Asanteni. Jioni hii nimepita kwa jirani kuangalia bomba lake la kutolea maji. Chujio ni gunia la vitunguu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na upande mmoja limechanika, kidole changu kimepita. Vifaranga vyenyewe havizidi urefu wa kidole. Nimeliziba kwa waya na kipande cha chandarua, yeye akinishikia tochi na kuniuliza nina wasiwasi gani. Mvua imeanza tena. Nani anajua pa kupata wavu wa matundu madogo Mbeya mjini?