Yule mtembeza wageni wa Mji Mkongwe KANIPA MIKOBA NISHIKE!

Mwalimu wa Kihonda:

Wanajamvi, nimeshuka garini sasa hivi. Niko barazani kwa mwenyeji wangu hapa Malindi ya Unguja, udongo wa mashamba ya viungo ya Kizimbani bado umeganda kwenye kandambili na mikono inanitetemeka. Siwezi kulala na hili.

Yule mtembeza wageni simtaji. Wa nini kumtaja? Aliyewahi kukanyaga Forodhani hata mara moja anamjua: miwani ya jua hata ndani ya pango, rundo la funguo shingoni utadhani mlinzi wa hazina ya taifa, na "hakuna matata" kila akivuta pumzi. Huyo huyo. Leo kanipa mikoba nishike.

Mikoba. Mitano. Ya wazungu.

Nimelipa mimi! Shilingi 85,000, nimehesabu noti mbele yake, sawasawa na wale wenzangu sita waliotoka Ulaya, hata mia sijapunguziwa. Ni mwalimu wa historia, mwaka wa 14 huu nafundisha, na nimejibana tangu Januari ili nione kwa macho yangu vitu ninavyovichora ubaoni.

Asubuhi Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873. Kuna lile shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Nimesimama pale sauti ikakata. Kila mwaka nafundisha mada hii na sikuwahi kusimama pale. Nyuma yangu nasikia makofi: "Twende twende, dakika zimekwisha!" Nikameza.

Beit al-Ajaib kawaonesha wageni kwa kidole, eti imefungwa inapakwa rangi. RANGI! Jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, limeporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu wawili, yeye anasema rangi. Nikameza tena. Maruhubi tumepita gari linakimbia kama limeiba kuku. Nguzo za kasri lililoungua 1899 nimeziona kama mtu anavyoona umeme wa radi.

Kidichi, ndani ya mabafu kabisa, anawaambia wageni kwamba Barghash alimjengea dada yake Salme. Jamani! Ni Seyyid Said, mwaka 1850, alimjengea mkewe Shahrzade, mjukuu wa Shah wa Uajemi, na ndiyo maana ukutani kuna ndege na maua ya chokaa kwa nakshi za Kiajemi. Yako juu ya kichwa chake yeye mwenyewe! Nikamwambia kwa adabu zote, "Kaka, samahani, nadhani ni Seyyid Said." Akacheka, akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza kwamba wenyeji wanapenda sana hadithi.

Mimi. Hadithi.

Sasa Kizimbani. Tunapewa majani tunuse, tubahatishe. Mzungu mmoja kanusa mchaichai akasema ndimu, kapigiwa makofi. Mimi nikapewa gome, nikasema mdalasini, nikaambiwa "Ah, dada, wewe unajua, usiwaharibie wageni." Usiwaharibie! Kwani mimi nimekuja kama nani, kama mti?

Halafu akaja yule kijana mwenye makuti mabichi. Hodari kwelikweli, vidole vinakwenda kama cherehani: kofia, tai, bangili, hata pete ina chura wa makuti juu yake. Tumesimama mstari. Akamvisha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi ndiye wa nne. Nimeshainamisha kichwa, wajameni, nimeinamisha kichwa kabisa nivishwe! Yule bwana akamshika kijana mkono akamvusha kwangu, akamweka mbele ya wa tano. Kisha akakusanya mikoba ya watu ili wapige picha vizuri na kofia zao, akanitundikia begani: "Dada, shika hii."

Nimeinamisha kichwa nipewe kofia, nimepewa mikoba.

Mmoja ulikuwa na chupa ya maji inavuja. Imenilowesha ubavu mzima. Naandika hapa gauni bado bichi.

Bint Michenzani:

Pole dada yangu. Namjua. Harusi ya shoga yangu alipita na wageni wake katikati ya ngoma wakapiga picha biharusi bila hata hodi.

Ngosha wa Ilemela:

Mleta uzi, swali moja tu. Ulishika au hukushika?

Fundi Milango:

Nakaa hapa pembeni na kahawa yangu nasubiri jibu la swali la Ngosha.

Mwalimu wa Kihonda:

Nilishika. Nilishtuka, ningefanya nini? Niitupe chini? Dakika 20 nilishika.

Ngosha wa Ilemela:

Dakika 20! Mwalimu hapo ulishaajiriwa, dai posho.

Papasi Mstaafu:

Yakhe, mie nimeifanya kazi ile miaka tisa, nikwambie kweli na usikasirike. Yule kijana wa makuti halipwi mshahara, anakula bakhshishi. Mzungu akivishwa kofia hutoa. Nyinyi mnaotoka bara mkivishwa mnapiga picha kumi, mnasema "ahsante kaka, Mungu akubariki", mnapanda gari. Baraka hainunui unga.

Mwalimu wa Kihonda:

Nilikuwa na 10,000 nimeikunja kiganjani tayari kwa ajili ya yule kijana! Kabla hata sijavishwa! Nimeshikia mikoba nayo mkononi!

Papasi Mstaafu:

Basi ungempa.

Mwalimu wa Kihonda:

Nilimpa. Alikimbia kunifuata garini akaniletea panzi wa makuti. Ninaye hapa mezani. Kijana sina neno naye hata kidogo. Ni yule bwana. Nimeinamisha kichwa mbele yake na akaona!

Bint Michenzani:

Papasi Mstaafu usitetee upuuzi. Mtu kalipa sawa na wenziwe atendewe sawa na wenziwe. Na la Seyyid Said mwalimu kasema kweli, mie nimesoma skuli hapahapa. Mtu hajui kabafu kamejengwa na nani anatembeza watu!

Fundi Milango:

La kabafu dogo. Mie milango ndiyo inayonichoma roho. Huyohuyo nimemsikia na masikio yangu hapa Mkunazini anasema ile misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo wa Unguja. Tembo wa Unguja! Nchi nzima hii mnyama wetu mkubwa wa kujivunia ni kima punju wa Jozani. Ile ni jadi ya India ilikokuwa na tembo wa vita, huku ikaja kama pambo. Nimesimama na randa mkononi, nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Mtoto wa Likoni:

Hiyo yenu afadhali. Mimi Mombasa kwetu, Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kujenga 1593 na babangu alinileta nikiwa darasa la tatu, nimeenda juzi na watoto. Jamaa mmoja akanishika mkono, eti lazima anizungushe ndani. Namwambia bro, mimi ni wa hapa. Akanijibu basi nimzungushie mgeni wake, kisha nimlipe. Nilizungusha mgeni wa mtu kwa jua lile, kisha nikadaiwa pesa!

Ngosha wa Ilemela:

Na ukalipa?

Mtoto wa Likoni:

Nilitoa mia mbili aniachilie.

Mzee wa Kilwa Masoko:

Nyie mna watu wa kuwanyima kofia. Mshukuru. Sisi huku Kilwa Kisiwani tuna Msikiti Mkuu, tuna Husuni Kubwa, pamewekwa kwenye urithi wa dunia tangu 1981, miaka 19 kabla ya huo Mji Mkongwe wenu. Jumamosi nimempeleka mkwe wangu. Mashua tumeisubiri saa tatu juani. Tumefika tukakuta mbuzi wawili ndani ya magofu. Hakuna wa kutukaribisha, hakuna wa kutudanganya. Ningefurahi mtu anidanganye kidogo.

Bint Michenzani:

Mzee wangu shikamoo. Hilo limenigusa, nitakuja.

Mzee wa Kilwa Masoko:

Marahaba mwanangu. Njoo na maji yako.

Mwalimu wa Kihonda:

Jamani turudi. Mikoba mitano. Begani kwangu. Na gari lilipowashwa akaniuliza mbele ya watu wote, "Dada, mikoba yote ipo?" Kama imepotea mimi ndiye mshtakiwa!

Fundi Milango:

Hii ya mwisho mbona hukuisema mwanzoni, hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Mla Urojo:

Samahani nimechelewa, nimesoma yote. Mwalimu, umesema uko Malindi? Sasa hivi? Umeshakula urojo?

Mwalimu wa Kihonda:

Sijala kitu tangu asubuhi. Chakula cha mchana cha safari nilikikataa kwa hasira.

Mla Urojo:

Mama mmoja yuko jirani tu na hapo, anaanza magharibi, anamaliza sufuria kabla ya isha. Bajia za kunde, kachori, chipsi za mihogo juu, chatine ya nazi. Nenda sasa.

Papasi Mstaafu:

Yule wa Malindi anatia embe mbichi nyingi mno. Mwende Mkunazini.

Bint Michenzani:

Urojo bila embe mbichi ni uji. Papasi Mstaafu leo umeamka upande gani?

Papasi Mstaafu:

Ndimu! Bibi yangu alitia ndimu na watu walipanga foleni mpaka barabarani!

Mtoto wa Likoni:

Urojo ndio nini, ni kama ile viazi vya rojo ya hapa kwetu?

Mla Urojo:

Mtoto wa Likoni naomba ufute hiyo komenti kabla watu wa Darajani hawajaiona.

Mwalimu wa Kihonda:

Nimefika kwa huyo mama. Namwambia mambo ya mikoba, anasema anamjua.

Mla Urojo:

Kaweka embe au ndimu?