Tangazo la bia katikati ya katuni: tufute matangazo yote au turekebishe ratiba?

Mlezi, Uyole: Jumamosi asubuhi, kwa baridi hii ya Juni, watoto wa Mbeya wako ndani wanaangalia katuni. Ghafla linaingia tangazo la bia, likifuatiwa na la kubeti, halafu vionjo vya filamu ya kutisha ya usiku. Saa za katuni zisiwe na tangazo lolote. Quebec, jimbo la Kanada, walipiga marufuku matangazo ya biashara yanayolenga watoto chini ya miaka 13 tangu 1980.

Mpanga ratiba, Iringa: Ukifuta yote unaua katuni zenyewe. Kituo kinalipia haki ya kuzirusha. Kisipoingiza kitu kitaweka muziki. Tatizo liko kwenye upangaji. Mteja ananunua furushi la bei nafuu, tangazo liingie popote penye nafasi. Asubuhi nafasi nyingi hazijauzwa, basi programu ya kompyuta ya kupanga inayajaza matangazo hayo huko. Yenyewe inaangalia urefu, sekunde 30 kwa nafasi ya sekunde 30. Kama aliyeingiza faili hakuandika aina ya bidhaa, haiwezi kujua kama ni bia au sabuni. Faili lisilo na aina likataliwe, na kipindi cha katuni kifungiwe pombe, kamari na mikopo.

Jingine linasahaulika sana: tangazo lifungwe kwenye kipindi, si kwenye saa. Katuni zimepangwa saa 3:00 hadi 4:00, ibada ya moja kwa moja kabla yake ikazidi dakika 12. Tangazo la bia lililopangwa saa 4:05, baada ya katuni, linaangukia ndani ya katuni. Na vile vionjo vya filamu ni vya kituo chenyewe, kwa hiyo mara nyingi havipitii ukaguzi wa matangazo ya wateja. Navyo viandikwe aina.

Fundi ving'amuzi, Mwanjelwa: Wazazi wanaambiwa waweke namba ya siri kwenye king'amuzi. Wekeni, na mbadilishe ile ya kiwandani, mara nyingi 0000 au 1234. Ila kufuli hilo linasoma daraja la umri la kipindi kizima. Tangazo halina daraja lake, linapita kwa daraja la katuni.

Mdau, Tukuyu: Marufuku nayo ina tundu. Sweden ilizuia matangazo kwa watoto chini ya miaka 12 mwaka 1991, lakini chaneli zilizorushwa kwa setilaiti kutoka London hazikubanwa. Huku kwetu madishi yamejaa.

Fundi ving'amuzi, Mwanjelwa: Ukilalamika, andika chaneli, tarehe, saa na dakika, jina la katuni na la tangazo. Anza na kituo, kisha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanda yetu wana ofisi hapa Mbeya. Kituo kinatunza orodha ya kilichorushwa na muda wake. Ukisema tu "tangazo baya asubuhi", hakuna pa kuanzia kutafuta.

Mlezi, Uyole: Ndaga fijo, asante sana, nimeelewa. Lakini soda na pipi zenye sukari tele zitaandikwa "chakula" na kupita, nazo ndizo zinazomlenga mtoto hasa. Mpanga ratiba, hizo utazifungia kwa aina gani?